Kutoka Kimea hadi Unga wa Lishe: Historia ya Kulikiza Mtoto Afrika Mashariki

Chakula cha kwanza anachopewa mtoto anayenyonya hakijawahi kuwa jambo la mama na mtoto peke yao, kwa kuwa ndani ya kikombe kile cha uji hukutana nafaka iliyolimwa msimu uliopita, kuni na maji yaliyochotwa siku hiyo, saa ambazo mama amebakiwa nazo baada ya kazi za shamba, na maagizo ya bibi, ya muuguzi au ya serikali kuhusu mtoto ale nini na lini. Katika Afrika Mashariki historia ya jambo hili imeandikwa zaidi na madaktari, na kwa miongo mingi madaktari hao waliamini kwamba chanzo cha utapiamlo wa watoto kilikuwa ujinga wa akina mama. Ushahidi uliopo hauungi mkono imani hiyo. Unaonyesha kwamba jamii za eneo hili zilikuwa na maarifa mengi ya kulikiza, yaani ya kumhamisha mtoto hatua kwa hatua kutoka kwenye ziwa hadi kwenye chakula cha familia, na kwamba kilichoyadhoofisha maarifa hayo ni mabadiliko ya kilimo, ya ajira na ya muda wa wanawake.

Kabla ya ukoloni, na kwa sehemu kubwa hata wakati wake, kunyonyesha kulichukua muda mrefu. Kwenye miji ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Unguja na Pemba, kipimo kilichofahamika kilikuwa miaka miwili kamili, kama Kurani inavyoelekeza katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, ambayo pia inawaruhusu baba na mama kumwachisha mtoto mapema wakiridhiana na kushauriana. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alizitenga sehemu za mwanzo za kitabu chake kwa uzazi na malezi, jambo linaloonyesha uzito ambao watu wa pwani ya Mrima waliyapa mambo hayo. Bara nako, miongoni mwa jamii za wakulima na za wafugaji, mtoto alinyonya miaka miwili na mara nyingi akaingia wa tatu, na muda huo ulilindwa na miiko iliyowahusu wazazi wote wawili. Mwiko unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni ule wa kubemenda, yaani imani kwamba wazazi wakirudia tendo la ndoa mapema, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto huyo atadhoofika, ataharisha na kuchelewa kutembea. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini aliyeishi na Wazaramo na kuandika juu yao kwa miongo kadhaa, alionyesha jinsi mawazo ya aina hiyo kuhusu damu na maziwa yalivyofungamana na mfumo mzima wa uzazi na uhai wa ukoo. Daktari atasema, na kwa haki, kwamba tendo la ndoa halichafui maziwa. Hata hivyo mwiko huo ulikuwa na kazi yake, kwa kuwa uliwatenganisha watoto kwa miaka miwili au mitatu na hivyo kumpa kila mmoja zamu yake ya kunyonya bila ya kuondolewa kifuani na mdogo wake. Ubaya wake ulikuwa kwamba mama wa mtoto aliyekonda alibeba aibu pamoja na msiba, na aibu hiyo ingali ikiwazuia baadhi ya wazazi kumpeleka mtoto kliniki mapema.

Chakula chenyewe kilifuata ardhi. Pwani mtoto alianzishiwa uji wa mchele, mara nyingi ukiwa umetiwa tui la nazi lililouongezea mafuta. Kwenye nyanda kavu za kati, kwa Wagogo na majirani zao, uji ulikuwa wa uwele au wa mtama, na mtoto alipokua kidogo alipewa ugali laini kwa mlenda, mboga inayoteleza ambayo hata kinywa kisicho na meno huimudu. Uchagani palikuwa na mtori, yaani ndizi zilizopikwa na nyama au mifupa kisha zikapondwa mpaka zikawa supu nzito, ambao ulikuwa pia chakula cha mzazi aliyetoka kujifungua, hivyo mama na mtoto waliweza kula kutoka chungu kimoja. Buganda na Bukoba nako ndizi ndiyo iliyotawala, ikiwa laini na yenye kushibisha lakini yenye protini kidogo mno. Wafugaji, kama Wamaasai, walikuwa na maziwa ya ng'ombe na samli, na mtoto wao alionjeshwa mafuta hayo akiwa mchanga sana. Si kila kilichopewa mtoto mapema kilimfaa. Kumlambisha mtoto asali au tende siku ya kuzaliwa, kama ifanyikavyo pwani kwa kufuata sunna, ni jambo la mara moja. Lakini kumpa maji ya sukari, dawa za mchango na uji mwepesi tangu mwezi wa pili au wa tatu kwa sababu analia na mama anadhani maziwa hayamtoshi, ni desturi iliyoenea pwani na bara, na imewaharisha watoto wengi.

Maarifa yanayostahili kuangaliwa kwa kirefu zaidi ni yale ya kimea na ya uchachu. Kimea ni nafaka, kwa kawaida ulezi au mtama, iliyolowekwa majini, ikafunikwa mpaka ikachipua, kisha ikaanikwa juani na kusagwa. Wanawake walikitengeneza hasa kwa ajili ya pombe, kwa kuwa bila ya kimea wanga wa nafaka haugeuki sukari na pombe haichachi. Lakini kimea hichohicho kilitumika kutengeneza togwa, kinywaji kitamu chenye uchachu kidogo ambacho hakikuwa kileo na ambacho watoto walikinywa pamoja na wazee. Utengenezaji wa togwa ni rahisi kwa anayeujua: uji mzito hupikwa, huachwa upoe kiasi cha kuweza kuguswa, kisha hutiwa unga wa kimea na kukorogwa, na katika muda mfupi uji uliokuwa umeshikana hulegea na kuwa wa kunyweka. Ukiachwa usiku kucha huanza kuchachuka. Hata hatari ya kazi hii ilikuwa na kinga yake, kwani mtama uliochipua huwa na sumu ya sianidi ndani ya chipukizi, na desturi ya kuianika nafaka hiyo na kuifikicha ili vichipukizi vidondoke huipunguza sumu hiyo kwa kiasi kikubwa. Hakuna aliyeandika kanuni hizi wakati huo. Zilipita kutoka kwa mama kwenda kwa binti jikoni na kwenye vilabu vya pombe, na ndiyo sababu wageni waliokuja kuchunguza lishe ya Waafrika hawakuziona.

Kuachisha ziwa kwenyewe kulikuwa tendo la ghafla kuliko kuanzisha chakula. Mama alipaka shubiri au pilipili kwenye chuchu, au mtoto alipelekwa kwa bibi yake akakae huko mpaka asahau kunyonya. Miongoni mwa Waganda desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi iliwashangaza watafiti wa malezi, akiwemo Mary Ainsworth, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alizifuatilia familia za vijiji vilivyo karibu na Kampala na mwaka 1967 akachapisha kitabu juu ya watoto hao wachanga. Kwa bibi mtoto alipata mlezi mwenye nafasi na uzoefu, lakini katika wiki hizohizo alipoteza mama, maziwa na chakula alichokizoea, na ikiwa chakula cha huko kilikuwa ndizi tupu, mwili wake ulilipia.

Mabadiliko makubwa yalianzia mashambani. Mahindi na mihogo vilikuwa vimefika pwani tangu enzi za Wareno, lakini ilikuwa katika karne ya 20 ndipo vilipoenea bara kwa kasi na kuusukuma pembeni ulezi, mtama na uwele. Serikali za kikoloni zilihimiza mihogo, na pengine kuilazimisha, kama akiba ya njaa. Mahindi yakawa posho ya vibarua wa mashamba ya mkonge, ya reli na ya migodi, na pia zao la kuuza. Kwa mkulima mahindi yalikuwa na faida ya wazi, kwani ndege hawayashambulii kama wanavyoushambulia mtama, na mtoto aliyekuwa akiamia ndege shambani aliweza sasa kwenda shule. Kwa mtoto wa miezi minane hesabu ilikuwa tofauti. Ulezi una madini ya kalisi kwa wingi usiopatikana katika nafaka nyingine za kawaida, na sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, hupoteza pamoja na pumba na kiini sehemu kubwa ya mafuta, vitamini na madini yake. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Wakati huohuo wanaume waliondoka kwenda kufanya kazi za mkataba, na wanawake walioachwa nyuma wakaongezewa kulima mazao ya biashara juu ya yale ya chakula, hivyo uji uliopikwa mara tatu ukaanza kupikwa mara moja asubuhi na kuachwa kwa mtoto mkubwa amlishe mdogo wake.

Dalili za kwanza ziliandikwa bila ya kueleweka. Nchini Kenya, John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha mwaka 1931 uchunguzi wao uliolinganisha afya ya Wakikuyu na Wamaasai, ambao uliufanya mlo wa wakulima uonekane duni mbele ya mlo wa maziwa, nyama na damu wa wafugaji. Ni uchunguzi uliosifiwa sana, lakini haukuuliza kwa undani ardhi ya Wakikuyu ilikuwa imekwenda wapi. Katika Kongo ya Wabelgiji mambo yalichukua sura nyingine. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alionyesha mwaka 1988 kwamba watawala na makampuni ya huko waliingiwa na hofu kuwa idadi ya watu inapungua, wakaiona desturi ya kunyonyesha kwa muda mrefu na kujizuia na tendo la ndoa kuwa kikwazo cha kuzaliwa kwa wafanyakazi wa kesho. Katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière huko Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya mgodini, huduma za mama na mtoto zilikuja pamoja na shinikizo la kuwalikiza watoto mapema kwa maziwa na chakula cha kampuni ili mama apate mimba nyingine upesi. Hapa hoja ya ujinga wa mama inaanguka kabisa, maana muda mrefu wa kunyonyesha ulivunjwa kwa makusudi na watu waliojiita walimu wa afya.

Jina la ugonjwa uliokuja kutawala mjadala lilitoka Afrika Magharibi. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobanduka na nywele zilizopauka, ambao walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Mwaka 1935 akalitumia katika maandishi yake jina la lugha ya Kiga ya hukohuko Gold Coast, kwashiorkor, ambalo wenyeji walilitumia kwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake, na ambalo Kiswahili kimelipokea kama kwashakoo. Wataalamu wa Ulaya walimpinga kwa miaka mingi. Hugh Trowell, aliyeuona ugonjwa huohuo Kenya na baadaye katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, naye aliudhania mwanzoni kuwa ni pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini, kabla ya kukubali kwamba ulikuwa jambo jingine. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani lilichapisha taarifa ya Brock na Autret kuhusu kwashakoo barani Afrika, na mwaka 1954 Trowell akishirikiana na Davies na Dean akatoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo. Kampala ikawa mji ambao madaktari wa watoto kutoka duniani kote walikwenda kujifunza utapiamlo.

Fikra iliyotoka kwenye kazi hiyo ni kwamba kinachokosekana ni protini, na kwa zaidi ya miaka 20 dawa ilitafutwa kwa njia hiyo moja. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, ambayo Marekani ilikuwa na ziada yake, yaligawiwa kupitia UNICEF; pale Mulago R. F. A. Dean alitengeneza biskuti za karanga na maziwa ya unga. Ethiopia ikaanzisha katika miaka ya 1960 unga uitwao Faffa. Karanga zilitegemewa sana kwa sababu zinalimwa karibu kila mahali katika eneo hili, mpaka mwaka 1960 ulipofika na batamzinga zaidi ya 100,000 wakafa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliogundua aflatoksini, ambayo leo Kiswahili rasmi kinaiita sumukuvu, sumu inayozalishwa na kuvu katika nafaka na mbegu za mafuta na ambayo huharibu ini. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la The Lancet kwamba harakati nzima ya kuziba pengo la protini ilikuwa imepotoka, kwa kuwa watoto wengi wenye utapiamlo hawapati chakula cha kutosha kwa jumla, na mwili ulio na njaa huichoma hata ile protini kidogo unayoipata ili kujipatia nguvu. Lilikuwa kosa la gharama kubwa, nalo lilitokana na kumwangalia mtoto aliyekwishalazwa wodini badala ya kuangalia chungu cha nyumbani kwao.

Palikuwa na wachache walioangalia chungu hicho, na Mulago inastahili heshima kwa hilo. Derrick Jelliffe, aliyeongoza idara ya afya ya watoto ya chuo cha Makerere kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alisisitiza kwamba ushauri wa lishe lazima utokane na vyakula, vyombo na desturi za mahali husika. Mwaka 1965 kilianzishwa pale Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake mgonjwa na kujifunza kupika kwa vitu alivyoweza kuvipata kwake. Chakula kilichofundishwa, ambacho Waganda wanakiita kitobero, huchanganya ndizi au viazi na maharage au karanga zilizopondwa, mboga za majani, na samaki au nyama kidogo inapopatikana, kisha vyote hufungwa ndani ya jani la mgomba na kuiva kwa mvuke juu ya chakula cha wakubwa. Jani la mgomba lilikuwa limekwishatumika Buganda kwa vizazi vingi. Jipya lilikuwa mchanganyiko na uamuzi wa kumtengea mtoto kifurushi chake. Mama alipona aibu pamoja na mwanawe, maana aliwaona watoto wa wenzake wakipona kwa vyakula vilevile vinavyouzwa kwenye soko la kijijini kwake.

Wakati huohuo maziwa ya kopo yaliingia mijini yakiwa na matangazo ya watoto wanene na wauzaji waliovaa kama wauguzi. Cicely Williams alikuwa amelaani biashara hiyo huko Singapore mwaka 1939, na Jelliffe akayapa madhara yake jina la utapiamlo unaosababishwa na biashara. Baada ya kampeni za miaka ya 1970 na mgomo wa wanunuzi dhidi ya kampuni ya Nestlé ulioanza mwaka 1977, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Mei 1981 kanuni ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kwa kura 118 dhidi ya moja tu, ya Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012.

Tanzania ilikuwa imeunda taasisi yake ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na swali la kulikiza likapata kwa mara ya kwanza watafiti waliozaliwa na kulelewa kwa uji huohuo waliouchunguza. Utafiti uliofanywa wilayani Moshi na kuchapishwa mwaka 1975 na Swantz, Henricson na Zalla ulionyesha kwamba utapiamlo ulikuwapo hata kwenye mteremko wa Kilimanjaro wenye kahawa, shule na hospitali, na kwamba uliwakumba watoto wa kaya zenye ardhi ndogo, zenye kipato kisichofika mikononi mwa mama na zenye ndoa zilizoyumba. Mtori ulikuwapo; nyama na maziwa ya kutia ndani yake ndivyo vilivyokuwa vimepungua, pamoja na muda wa kuupika.

Kisha watafiti wakarudi kwenye kimea. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha matokeo yaliyoeleza kisayansi kile ambacho watengeneza togwa walikijua kwa mikono. Tatizo la uji wa mtoto ni kwamba wanga hufyonza maji mengi na kuvimba unapopikwa, hivyo ili uji uwe mwepesi wa kunyweka hauwezi kuwa na unga unaozidi sana sehemu 5 hadi 10 katika kila sehemu 100. Ukiongezwa unga, unakuwa ugali. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua karibu mililita 250 kwa mlo mmoja. Uji mwepesi wa kiasi hicho, wenye unga wa gramu 20 hivi, humpa kilokalori 70 au zaidi kidogo, ilhali mtoto anayenyonya wa miezi 9 hadi 11 anahitaji kilokalori 300 kwa siku kutoka katika chakula cha nyongeza. Ina maana kwamba angehitaji kunywa uji huo zaidi ya mara nne na kumaliza kila kikombe. Vimeng'enya vya kimea, yaani kemikali za asili zinazozalishwa na mbegu inapochipua, huikata minyororo mirefu ya wanga, na uji wenye unga sehemu 20 katika 100 hulegea ndani ya dakika chache kwa kijiko kimoja tu cha kimea. Kikombe kilekile sasa kinabeba gramu 50 za unga na zaidi ya kilokalori 170. Kuchipua na kuchachusha hupunguza pia faiteti, kemikali ya nafaka inayozuia madini ya chuma yasifyonzwe, na akiba ya madini hayo mwilini mwa mtoto huanza kwisha anapofikisha miezi sita. Wilbald Lorri na wenzake walionyesha zaidi ya hapo kwamba asidi ya laktiki inayotokana na uchachu huzuia vijidudu vya kuharisha visistawi ndani ya uji uliolala, na kwamba watoto wa kijiji kilichotumia uji wa namna hiyo walipata kuhara mara chache kuliko wenzao. Ugunduzi huu ulikuwa na maana ya pekee kwa mama asiye na jokofu na asiye na kuni za kupasha uji upya kila baada ya saa mbili.

Mwaka huohuo wa 1983 ulianza mkoani Iringa mpango wa lishe uliofadhiliwa na Italia kupitia Shirika la Afya Duniani na UNICEF katika vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, kadi zenye rangi ya kijani, ya kijivu na nyekundu zikasomwa mbele ya kamati ya kijiji, na wanakijiji wenyewe wakajadili kwa nini mtoto fulani amebaki kwenye nyekundu. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mama huondoka alfajiri na kurudi jioni, na mtoto hula mara mbili kwa siku kama mtu mzima. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea watoto mchana na kuwapikia uji wa ziada, na katika miaka mitano utapiamlo mkali ukashuka kutoka takriban watoto 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Kutokana na kazi hiyo, ambayo Urban Jonsson alikuwa miongoni mwa walioiongoza kifikra, UNICEF ilipata mwaka 1990 mfumo wake wa kueleza sababu za utapiamlo, unaotaja chakula, magonjwa na matunzo kwa pamoja, na ambao umetumika duniani kote tangu wakati huo.

Swali la umri lilichukua muda zaidi kutulia. Kwa miaka mingi kliniki zilielekeza mtoto aanze chakula akiwa na miezi minne hadi sita, na maneno hayo yalitafsiriwa majumbani kuwa miezi minne, au mitatu. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua kwamba maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi sita. Janga la Ukimwi liliupa uamuzi huo uzito usiotarajiwa, kwani utafiti wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1999 ulidokeza kwamba mtoto wa mama mwenye virusi aliyenyonya pekee katika miezi ya mwanzo alikuwa katika hatari ndogo kuliko yule aliyechanganyiwa maziwa na vyakula vingine. Dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ikawaruhusu akina mama hao kuendelea kunyonyesha hadi mwaka mmoja. Nchini Tanzania watoto chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee walifikia asilimia 64 mwaka 2022, na hayo ni mafanikio makubwa katika nchi ambayo uji wa miezi mitatu ulikuwa jambo la kawaida.

Katika miaka hiyohiyo jiko la mjini limepokea unga wa lishe, mchanganyiko wa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na wakati mwingine dagaa, unaosagwa mtaani na kuuzwa kwa kilo. Nia yake ni njema, lakini kuna sababu mbili za kuutilia mashaka. Kwanza, kurundika nafaka tatu ndani ya mfuko mmoja hakuongezi nguvu ya uji, kwa kuwa zote ni wanga ule ule unaovimba, na soya isiyokaangwa au kupikwa vizuri humsumbua mtoto tumbo. Pili, mahindi na karanga ndivyo vyakula vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu, na mtoto anayelishwa unga huo kila siku hupata sumu nyingi kuliko mtu mzima kwa uzito wa mwili wake. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika. Kukausha nafaka vizuri, kuchambua punje zilizooza na kuhifadhi ghalani pasipo unyevu ni kazi za lishe ya mtoto sawasawa na kupika.

Kimea, kwa upande wake, hakijapata nafasi kliniki. Hakuna kampuni inayopata faida kwa kukitangaza, kutengeneza kwake huchukua siku kadhaa, na harufu yake inakumbusha pombe, jambo linalowafanya baadhi ya wauguzi na viongozi wa dini wasite kukipendekeza kwa mtoto. Sababu hizo zinaeleweka, lakini hazitoshi kukiacha, maana kijiko kimoja cha kimea hufanya kile ambacho maziwa ya unga ya misaada na biskuti za maabara zilishindwa kukifanya kwa gharama ambayo mama wa kijijini anaimudu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri unaotokana na utapiamlo wa muda mrefu, umeshuka Tanzania hadi asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Mkoa wenye kiwango cha juu kabisa, kinachozidi nusu ya watoto wote, ulikuwa Iringa, ukifuatwa na Njombe na Rukwa, mikoa ambayo mahindi yake hulisha sehemu kubwa ya nchi. Mpango wa miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha, vituo vya kulelea watoto vingi vilikuwa vimefungwa, na mama wa Iringa angali analima tangu alfajiri. Mkoa wenye maghala yaliyojaa hauwezi kuambiwa kwamba haujui kulisha. Unachohitaji ni mtu wa kumpikia mtoto saa nne asubuhi na saa nane mchana, na vijiji vya mkoa huohuo vilikwishaonyesha kwamba mtu huyo anaweza kupatikana.